Safu ya Mvua

Saa tatu kamili asubuhi nafungua kigeti cha waya
nyuma ya darasa la nne, hapa Sindeni,
nainama juu ya kipima mvua
kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.

Jumamosi: sifuri.
Tarakimu rahisi kuliko zote,
mkono unazunguka, unarudi ulikotoka.

Jumapili: sifuri.
Bati la ofisi linaalika tangu saa nne,
tak, tak,
kama mtu anayevunja vidole akingoja jibu.

Jumatatu sikuona haja ya kuinama.
Nikainama.

Wageni hudhani joto ni kitu cha mchana.
Njoo ulale huku.
Ukuta umekopa jua kutwa nzima,
usiku wa manane unalilipa lote, na riba juu.
Tunatoa mikeka nje, mbu wanatukuta.
Tunairudisha ndani, jasho linatukuta.
Asubuhi shuka lina ramani ya chumvi,
naitambua: ni mgongo wangu.

Mahindi ya Mamkiwa yamejisokota majani,
sigara za kijani, na jua linazivuta moja moja.
Msangazi umebaki jina na mchanga.
Wanawake wanachimba hadi kiunoni, wanakaa,
wanasubiri shimo litoe kikombe,
na asiye na subira anamngoja punda wa Sechonge:
dumu mia nane, juzi lilikuwa mia sita.
Punda mwenyewe hajaulizwa.

Nilikuwa nawafundisha watoto siku za juma:
mosi, pili, tatu, nne, tano,
halafu juma linajikwaa,
kwa kuwa Alhamisi nayo ni tano, ya Kiarabu.
Mbelwa wa darasa la pili akanyoosha mkono.
“Kwa hiyo siku moja inarudiwa, Mwalimu?”
Nikamwambia, wiki hii, ndiyo.

Alhamisi kulikuwa na maji.

Niliangalia juu kwanza.
Buluu tupu, imepauka kama sare iliyofuliwa mno.
Nikapima. Bilauri ilijaa mara moja,
mara ya pili ikafika karibu na ukingo:
milimita kumi na nane.
Mvua ya kupandia!
Na ardhi pembeni kavu, vumbi halina hata kidoti,
ila nyayo ndogo za kandambili,
ya kushoto imekatika kisigino,
zinakuja, zinasimama, zinaondoka mbio.

Darasani Mbelwa alitazama dawati.
Midomo imempasuka.
Chupa yake, ambayo mama yake Mwanamvua
huijaza alfajiri, kipimo cha siku nzima,
ilikuwa nusu, na kengele ya saa nne bado.
“Leo umeandika ngapi, Mwalimu?”

Mjini kuna mtu ninayemjua kwa sauti tu.
Hupiga simu, husema, haya Sindeni, nipe.
Nikimpa kumi na nane
ataweka doa la buluu kwenye ramani
mahali ambapo ng'ombe wanalamba mawe.

Nikampa sifuri.
Akasema, poleni. Akakata.

Maji yalikuwa bado mezani.
Nikamwita mwenyewe, nikamsogezea: kunywa, baba.
Akarudi nyuma hatua moja.
“Hiyo ni mvua. Hainywewi na mtu mmoja.”

Basi wakapita, watoto sitini na mmoja,
kila mmoja akachovya kidole, akapaka kope,
wengine shingo; Kilua alipaka goti lenye kidonda.
Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesukuma,
darasa ambalo hugombania hata chaki.
Mimi nilikuwa wa mwisho.
Lilikuwa limebaki kama tone,
na lilikuwa la moto.

Ijumaa, saa tatu, mkono kwenye kigeti,
nilijikuta natazama chini kabla ya kutazama juu.

Sifuri.